Zamu ya Choroko

Nusu kilo, kwa Mpemba wa barabara ya kumi na tatu,
kapima pamoja na vumbi lake na vijiti vyake.
Nimezimwaga kwenye sinia, nimevaa miwani,
nachambua kama nilivyomwona mwenyewe akichambua:
jiwe huku, iliyobunguliwa huku,
nzima zikaanguka bakulini
kwa mlio wa mvua inayojaribu bati.

Mke wangu yuko Muheza kwa binti yetu aliyejifungua,
arobaini haijaisha. Kwenye simu ananielekeza:
"Loweka usiku kucha. Zinazoelea toa,
hizo hazina mtu ndani.
Asubuhi mwaga maji, funga kwenye kitambaa,
na usifunguefungue. Choroko hazipendi kuchunguliwa."

Kitambaa nimekosa. Nimechana kanga yake kuukuu,
ile ya harusi ya shemeji. Maneno yamebaki nusu:
NILIDHANI NI
basi.
Zamani nilijua alichodhani.

Mimi mlinzi, ghala la mkonge, zamu ya usiku.
Giza nalijua. Najua linavyoanza na vyura
na linavyokuwa zito saa tisa,
hata mbwa wa jirani wanameza sauti.
Sikujua kuna wengine humo, kazini.

Alfajiri narudi Makorora,
nazisuuza kabla sijanawa uso.
Jioni, kabla ya kutoka, tena.
Maji yanadondoka kwenye ndoo
yakiwa na harufu ya shamba
na shamba halipo.

Kifurushi nimekitundika dirishani, kwenye msumari wa kandili.
Siku ya pili Bi Mwanakombo kasimama uani,
ufagio umemganda mkononi.
"Ndugu Kidau, hicho kilicholoa ni kitu gani?"
"Choroko."
"Choroko ndani ya kanga ya mke?" Akasogea, akashusha sauti.
"Mwenzio ana mwezi hajarudi. Kama unamfunga, niambie tu.
Mie si wa kusema."

Nilicheka mpaka nikakaa kizingitini.
Hirizi ya nusu kilo!
Ila usiku, kwenye kiti cha ghala,
neno lile lilikuja likakaa karibu yangu.
Miaka thelathini na mmoja, kila alfajiri,
nani alikuwa macho, chai imefunikwa?

Siku ya tatu nikafungua.
Maganda yamepasuka, mikia myeupe imetoka,
imejikunja kama wau
za mtoto anayeanza kuandika.
Mmoja umepenya uzi wa kanga
ukatokea upande wa pili, baada ya lile NI,
kana kwamba nao una la kuongezea.

Kiasi cha kiganja hazikuota. Ngumu vilevile.
Nimezirudishia maji, sina haraka nazo.

Nyingine nimeunga kwa tui na kitunguu,
chumvi ikanizidi. Bakuli moja nikampelekea Bi Mwanakombo.
Alikula kimya, kimya kabisa,
akafuta ukingo kwa kidole, akalamba.
"Alhamisi," akasema,
"mfunge tena."