Daftari la Zamu

Zamu yangu ni saa tisa za usiku.
Nashika tochi kwa meno, nainua jiwe lililofungwa matambara,
na maji ya falaji yanageuka kuja kwangu
kama mtu aliyeitwa jina akiwa usingizini.

Zamani, asema ami Muhenna, hapa Ibra yalifika gotini.
Siku hizi hayafuniki kifundo.
Mvua ya miaka mitatu ilikuja siku moja,
ikabeba ukuta, mbuzi kumi na mmoja, na gari la mwalimu,
ikaenda zake jangwani bila kuaga.
Kisha jua likaanza upya kutudai.

Baba aliinunua zamu hii aliporudi kutoka Wete,
na jembe lisiloujua udongo wa huku.
Mitende haina haraka, alisema, lakini haisahau.
Ninayo saba. Maji yanatosha minne.
Nichague mitatu ipi, jamani?
Ule wa khalasi? Ule alioupanda siku Thuraya alipozaliwa?

Juzi barazani, Sleyum wa majani ya ng'ombe akasema:
"Kule mwisho maji yanamwagika bure. Tuzibe kwa saruji."
Bure!
Kule mwisho ndiko kwenye kidimbwi:
samaki wa urefu wa kidole, mighafu miwili,
nyuki, na mbweha ambaye sijawahi kumwona ila nyayo.
Nikauliza: bure ya nani?

Sleyum si mtu mbaya. Ana ng'ombe na deni la benki.
Akaniuliza polepole,
"Na wanangu waandikwe ukurasa gani?"
Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina.

Lakini daftari nalitunza mimi.
Chini ya msikiti, wenye zamu yake tangu enzi,
nikaandika: *Kidimbwi. Nusu saa. Kutoka kwa Zayana binti Rashidi.*
Wakili akavua miwani.
"Na nani atawatilia sahihi hao samaki?"
"Mimi, mpaka wajifunze kuandika."
Wakacheka. Kicheko kikavu, lakini kicheko.

Sasa simu inatetemeka mfukoni: nusu ya zamu imekwisha.
Narudisha jiwe, nashindilia matambara.
Maji yanasita, yanalizunguka, yanashika njia ya kule chini.
Nyuma yangu, mtende wa pembeni
umeanza kukauka ncha za makuti.
Nimeupa mgongo.
Sijaweza bado kuutazama usoni.