Mistari

Kaka yangu Faki ana jina jengine, Rula,
na watu wa Wete hulitamka wakicheka,
kwa kuwa skuli rula ilimjua mgongo
kabla yeye hajaijua kwenye daftari.

Mchana yumo dukani, nyuma ya soko,
anatengeneza kadi za arusi, vibao vya vinyozi,
lebo za asali, tangazo la mbuzi aliyepotea.
(Mbuzi alipatikana. Picha bado iko ukutani,
nzuri kupita mbuzi mwenyewe.)

Wateja wanataka maua.
Wanataka rangi zote, na mwezi, na jina kwa dhahabu,
na pale palipobaki peupe wanaweka kidole:
"Hapa je? Mie nimelipia karatasi nzima."
"Hapo," Faki huwaambia, "ndipo jicho linapovuta pumzi."
Wanamtazama kama muuza mchele
aliyepima gunia nusu.

Usiku huingia kabatini.
Si fumbo. Kabati la mama, la mvule, milango miwili,
ndiyo studio: mabaibui manane, koti la marehemu baba,
na gauni ambalo mama hajakata tamaa kwamba nitalivaa,
vyote vinameza mwangwi kuliko sponji ya kununua.
Maikrofoni inaning'inia kwenye henga.
Mimi hukaa nje, nawaashiria watoto wa ghorofa ya juu
wasidunde mpira.
Sauti yake hutoka inanukia udi.

Anachana nini?
Ngazi zetu zisizo taa.
Shahada ya Hidaya inayofunika mtungi wa maji.
Karafuu zilizoanikwa kando ya barabara
na gari la mkubwa lililopita juu yake
bila kupunguza mwendo.
Mama alisikiliza nyuma ya mlango, akasahihisha neno moja tu:
"Si kujivuna hapo. Kujishaua."

Mstari. Kwetu neno ni hilo hilo,
la kuchora na la kuchana,
na nimemwona akikwama kwenye huu
akaenda kuutafuta kwenye ule:
beti imegoma, akachora ubavu wa jumba letu,
madirisha mia na ngapi sijui,
moja tu lina taa,
kisha akarudi kabatini
akijua aanze na nani.

Kulikuwa na bwana wa Dar, mwenye kampuni.
Alitaka jalada lenye sura ya Faki na miwani myeusi,
na yeye achukue sitini katika kila mia.
Faki aliomba siku tatu za kufikiri.
Mbili alilala.

Usiku wa kumaliza jalada, umeme ukakatika.
Umeme wetu huja kwa waya uliolala chini ya bahari kutoka Tanga;
ukienda, kisiwa kizima huguna kwa pamoja.
Hakuwa amehifadhi kazi.
Nilisikia kidole chake kikigonga meza gizani,
mara mbili, kimya, mara moja.
Kesho yake alilichora upya kwa kumbukumbu
na likaja na mistari michache zaidi.
"Bora," akasema,
kwa sauti ya mtu ambaye bado hajajiamini.

Tuliuza wenyewe, flashi ndani ya kadi,
mimi nikikunja, elfu tatu moja.
Kumi na moja zilikwenda.
Moja ilirudi.

Bi Zeyana wa Bopwe, muuza halua,
alisimama mlangoni na mkoba wake.
"Picha nimeitia fremu, iko ukumbini, wageni wanaiuliza.
Lakini hiki kidude sina pa kukichomeka.
Nirejeshee changu."

Faki alimrejeshea.
Kisha pale pale, bila mdundo, mkono mmoja mfukoni,
akamsomea wimbo wa kwanza, polepole,
kama anayesoma risiti.
Bi Zeyana akaweka mkoba chini.
Palipofika pumzi, pale peupe,
akangoja.
Hakuuliza, hapa je.

Elfu tatu lakini alizichukua.