Jiwe la Josenilde

Habari aliileta muuza barafu, si redio.
Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka kiwikoni,
akasema: Alwyn Tulloch hayupo tena.
Nikaisahau pasi juu ya shati la watu.
Shati nimelilipa.

Hapa São Luís wimbo ukikolea tunauita jiwe.
Usiniulize kwa nini.
Likikupata, unageuka.
Lake lilishuka bandarini kwapani mwa baharia,
santuri moja, karatasi ya katikati imebanduliwa
wapinzani wasije wakajua ni nani anayeimba.
Nasi pia hatukujua, miaka tisa.
Kiingereza kilikuwa cha wenye meli.
Tukaupa wimbo jina la msichana
aliyekuwa wa kwanza kuucheza.
Josenilde ni mimi.

Miaka kumi na saba, viatu vya kuazima.
Deusimar, fundi wa spika, alinishika kiuno
kama mtu anayepandisha kioo ngazini.
Huku rege haichezwi kila mtu na lwake.
Ni wawili, shavu kwa shavu,
besi ikivuka kifua hadi kifua
bila kulipa nauli.

Tukaoana. Alipokosea, na alikosea,
hakujua kuomba radhi kwa kinywa.
Aliweka sindano kwenye santuri
akasimama katikati ya sebule, mikono wazi,
akisubiri.

Tulloch alikuja mara moja, mwaka wa mvua kubwa.
Mtu mfupi, koti limempwaya.
Kwao alitengeneza majokofu
na hata arusini hakuna aliyemwambia, hebu imba.
Akapanda jukwaani, akakuta watu elfu nane
wakiimba maneno yake kwa ndimi zisizoyajua,
maneno yamepondeka
kama sarafu zilizolazwa kwenye reli.
Alinyamaza. Akatugeuzia kipaza sauti.
Machozi yakamshuka, hakuyafuta.

Halafu akaimba, na ubeti wa pili tukajikwaa sote.
Santuri yetu ina mkwaruzo pale;
tangu ujana miguu yetu huruka hatua moja.
Yeye hakuruka.
Aliimba neno zima, neno ambalo hatujawahi kulisikia,
akatutazama tukipepesuka,
asijue ametufanyia nini.

Leo usiku, uwanjani Liberdade,
ukuta wa spika umevishwa shuka nyeusi.
Deusimar aliifunga mwenyewe, na goti lake lile.
Watu wamekuja na mishumaa, na bia,
na watoto waliolala mabegani.
Mjukuu wa Zuleide akapanda juu ya kreti
akatusomea kwa Kireno, kutoka kwenye simu,
kile tulichokiimba miaka arobaini:

Bwana mwenye nyumba, ningoje hadi Ijumaa.
Paa linavuja, nami sijasema kitu.
Ningoje hadi Ijumaa.

Basi. Hakuna mpenzi humo. Hakuna hata mwezi.
Uwanja ukawa kimya kama benki siku ya sikukuu.
Kisha Zuleide, aliyemzika mumewe kwa wimbo huo,
akacheka. Akacheka hadi akakaa chini,
tukamfuata wote, tukifutana machozi kwa kanga za mikono,
maana tumebusiana juu ya deni la mtu,
tumelea watoto kwa paa linalovuja.

Nami nikawaza: Ijumaa ngapi nimeziomba
dukani, hospitalini, mlangoni mwa huyu huyu Deusimar?
Labda tulimwelewa.
Labda ndiyo maana hatukuuliza.

Deusimar akaivuta shuka.
Spika haipumui ikifunikwa, akasema,
akaitafuta santuri kwa vidole, gizani,
akaijua kwa ukingo wake uliopasuka.

Kiuno changu si kile. Alikishika hivyo hivyo.
Ubeti wa kwanza. Ijumaa. Paa.
Ubeti wa pili ukaja na mkwaruzo wake,
na sisi sote, vijana na wenye magoti,
tukaruka hatua moja, kwa pamoja,
pale pale ambapo sauti yake haipo.