Nafsi ya Kwanza, Wingi

Jumamosi, saa tatu kasoro, ghorofa ya tatu, Luthuli.
Chini yetu mafundi wanapimana nguvu za spika
na dirisha linacheza kama jino linalotaka kung'oka.
Bi Kathomi anaandika ubaoni: hablar.
Kata mkia, asema. Tupa -ar. Bandika nafsi.
Hablo. Hablas. Habla.
Nasi twaitikia: nesi wa zamu ya usiku,
kijana wa kuongoza watalii,
mwingine aliyefuata mpira tu, aelewe watangazaji wanalia nini,
na mimi, miaka sitini na saba,
niliyefundisha viambishi hadi nikala chaki kuliko chumvi.

Mambo ni yale yale, najiambia, ila yamegeuzwa.
Kwetu nafsi hutangulia,
ni-, u-, a-,
kama mtu apigaye hodi akataja jina
kabla mlango haujafunguliwa.
Kwao mgeni huingia kimya, akapita sebuleni,
ukamjua ni nani akishafika jikoni.
Lazima usikilize neno hadi mwisho.
Syombua angecheka.
Katika ndoa yetu yote alinidai hilo tu.

Nimemfuata Mateo. Binti yangu Ndinda aliolewa Zaragoza;
mtoto ana miaka minne, kwenye simu husema abuelo,
hilo nalidaka, na mengine yote hunipita
kama garimoshi la mizigo pale Makadara,
behewa baada ya behewa,
nami nimesimama, mkono hewani.

Hivi ni vitenzi vitiifu, asema Bi Kathomi.
Vikaidi vinakuja Agosti.
Nimechungulia kurasa za mbele:
kuwa, kwenda, kufa, vyote vikaidi.
Kuishi ni kitiifu.

Basi leo vivir.
Kila mtu aseme yeye na jamaa yake wanakaa wapi.
Nesi anasema Kariokor.
Zamu yangu:
Vivimos en Jericho.
Nimelitamka vizuri, mkia na yote.

Sasa, au zamani? auliza Bi Kathomi,
kisha anawageukia wenzangu:
vivimos ni tunaishi, na vivimos ni tuliishi.
Hakuna herufi inayozidi wala kupungua.
Maneno ya jirani ndiyo yaamue.

Nimefundisha nyakati miaka thelathini na mmoja
na sikujua pana watu
walioacha mlango huo bila komeo.

Machi, kwenye kaunta ya bima,
niliandika: ninaishi na mke wangu.
Karani akaipiga mstari -na- yangu kwa kalamu nyekundu,
juu yake akaandika -li-,
kwa adabu, bila kuniangalia,
vile vile nilivyowafanyia watoto wa watu.

Nikajaribu kula, chini chini, daftarini.
Comemos. Comimos.
Kumbe kula hakusitiri:
e kwa leo, i kwa jana.
Sahani haidanganyiki, inajua imebaki moja.
Lakini hablamos, tunaongea, tuliongea,
nikiwa naosha sufuria na redio imezimwa;
lakini vivimos,
khanga yake bado nyuma ya mlango,
viatu vyake vya kanisani vikielekea nje.

Bi Kathomi anangoja, chaki mkononi.
Umri wake ni kama wa Ndinda. Anauliza tena, polepole,
akidhani sikusikia:
sasa, mzee, au zamani?

Sí, nikamjibu.

Darasa likacheka, hata nesi.
Yeye hakucheka.
Akaanza kufuta ubao kutoka juu,
vivo, vives, vive,
akafika mstari wa nne,
akauruka,
akaendelea chini.