Mabega ya Zihalirwa

Kila Jumatano, saa kumi na mbili na robo jioni,
nakalia kiti cha nne,
kile chenye mguu mmoja uliopachikwa juu ya kamusi.
Kushoto kwangu Maître Ntakwinja, wakili, ananukia dawa ya viatu.
Kulia, Mwalimu Nsimire, aliyefundisha hesabu nusu ya Bukavu
na bado anatusahihisha sentensi hewani.
Mtangazaji hugonga glasi kwa kijiko: ndiyo kengele yetu.
Pointi mbili kwa wakili. Tatu kwa mwalimu.
Kwangu husema, "Moja na nusu, tena kwa huruma."
Pointi hizo hazinunui hata kiberiti.
Malipo ni soda moja na nauli ya kupanda Kadutu;
ya kushuka nitajua mwenyewe.

Jukwaani ni afadhali. Jukwaani nawaona.
Yule baba wa safu ya kwanza aliyekunja mikono,
nitamwandama mpaka aikunjue.
Redioni hakuna safu ya kwanza.
Neno linatoka mdomoni, linazama katika sifongo la mikro,
linakufa huko au linaishi, siambiwi.

Kuna kioo tu, na nyuma ya kioo Zihalirwa,
fundi mitambo, sikioni ana vifaa vilivyofungwa kwa plasta.
Kicheko chake hakipiti kioo.
Ila mabega hupanda.

Mabega hayo ndiyo mji wangu.
Yakitikisika, Bagira imecheka,
mlinzi wa Muhumba ameacha chai ipoe.
Yakitulia,
nimesema upuuzi mbele ya umati, na umati una adabu.

Wiki jana swali lilikuwa: ni nani mkongwe kuliko wote mjini?
Wakili akasema sheria. Mwalimu akasema deni.
Mimi nilikuwa na jina, limeshafika ulimini.
Mlangoni nikamwona mkurugenzi,
kidole chake kinapita shingoni polepole
kama kisu kisicho na haraka.
Nikalimeza jina. Nikasema: "Shimo.
Shimo la Nyawera. Limekaa madarakani miaka mingapi?
Kila mvua linapanua mamlaka.
Tuliahidiwa litajazwa, na kweli limejaa, maji.
Sisi wapita njia tunalizunguka kwa heshima,
na mwaka huu, nasikia, linagombea tena."

Nikageukia kioo.
Hapo hapo umeme ukaondoka.

Jenereta ikakohoa mara mbili, ikakataa.
Betri ya mtambo hushika dakika nane, au haishiki,
kwa hiyo tuliendelea, bila kujua kama tuko hewani
au ni watu wanne wanaoongea gizani.
Nikasema shimo lina mke. Nikasema shimo lina walinzi.
Niliongea kama mtu anayeshuka tope la Kadutu usiku,
mguu unauliza kwanza, ndipo unakanyaga.
Mwalimu hakusahihisha kitu.

Taa ziliporudi, nyuma ya kioo palikuwa kiti kitupu.
Zihalirwa alikuwa nje muda wote, anavuta kamba ya jenereta.
"Ulisema nini?" akaniuliza, mikono yake imejaa mafuta.
Nikamwambia, si kitu.

Asubuhi nilikwenda sokoni kununua sambaza.
Mama muuzaji, kikombe cha kupimia mkononi,
anamsimulia mwenzake wa meza ya pili:
"Shimo la Nyawera, wewe! Shemeji yangu ndiye amesema,
linagombea tena."
"Shemeji yako huyo!"
"Na limeanza kuajiri ndugu zake.
Panda barabara hii uone, yote ni binamu!"
Mwenzake akacheka mpaka akashika meza,
mabega yanapanda, yanashuka,
na mimi nimesimama na noti yangu, mteja tu.

Ya binamu sikuisema mimi.
Ni nzuri kuliko zangu zote.
Nikaomba kalamu ya daftari lake la madeni,
nikaiandika kiganjani, mkono bado umelowa.
Wino ulishika harufu ya samaki.
Jumatano nitamwibia shemeji aliyeniibia.