Aronia kwa Tende

Muhenna karudi likizo kutoka Lublin,
sanduku nusu nguo, nusu vitunda vikavu,
vyeusi kama punje za pilipili manga,
vimekunjamana kama vidole vya muosha vyombo.
"Mama, hii aronia."
Nikadhani ananitajia mchumba.

Nikatia kimoja kinywani.
Ulimi ukakauka, fizi zikashikana,
nikakumbuka zambarau changa za Bububu,
nilizoiba kwa jirani nikiwa na miaka saba,
nikashikwa, nikashindwa hata kukana:
ukakasi ulinifunga mdomo.

Mtoto akasimama jikoni kama khatibu:
weusi ule, mama, ndio wenyewe,
ndio unaosemekana kulinda mishipa,
kutuliza presha,
kuuepusha mwili na kutu.
Kutu ya mwili! Hapa Al-Khoud
geti letu limeoza kwa kutu
na hakuna aliyelichumia tunda.
Babake, Sulaiman, yuko kwenye kochi,
kiyoyozi kinanguruma juu ya kichwa chake.
Akauliza bila kugeuka:
"Inaliwa na wali?"

Nikaichemsha. Maji yakawa wino.
Nikaipika kama ubuyu,
sukari, iliki, pilipili ya unga,
rangi sikutia, rangi inayo yake;
wajukuu wa Bi Rayya wakamaliza bakuli
wakatoka wanaoneshana ndimi.
Muhenna akashika kichwa:
"Sukari yote hiyo, mama?
Unaponya huku, unaua kule."
Nikaisaga, nikaikoroga kwenye mtindi,
Sulaiman akanywa, akakohoa,
tone likaanguka kwenye dishdasha jeupe,
kando ya mfuko.
Nikasugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa sabuni ya unga.
Doa likakaa, kubwa kama sarafu.
"Faida nyingine sizijui," akasema,
"ila hii nimeiona kwa macho."

Nesi wa kituo cha afya, mama wa Kerala,
anaongea Kiarabu kwa mikono zaidi ya mdomo.
Akaunusa mfuko, akacheka.
Tunda ni tunda, akasema, kidonge ni kidonge;
usimfukuze huyu kwa kumkaribisha yule.
Na anayemeza dawa ya kulainisha damu
aulize kwanza, ndipo ale.

Basi alasiri moja, kahawa iko chini,
nikapasua tende ya khalasi,
nikatoa kokwa,
mahali pa kokwa nikatia aronia tatu.
Utamu na ukakasi vikakutana ulimini
kama wakwe waliogombana harusini
wakakalishwa mkeka mmoja:
kwanza kimya, kisha salamu,
kisha hawataki kuondoka.
Sulaiman akala ya kwanza, hakusema.
Ya pili, hakusema.
Ya tatu, akaifunika sahani kwa kiganja
wageni wasiione.

Na kila magharibi ikishaswaliwa,
joto la Agosti bado limelalia lami,
baba na mwana walitoka kwa miguu
mpaka mzunguko wa barabara na kurudi,
wakibishana kuhusu mpira,
kuhusu theluji, kuhusu bei ya nyumba.

Wiki ya nne tukafunga mashine mkononi.
Mia na hamsini na sita ya mwezi uliopita
imeshuka, mia na thelathini na tisa.
Muhenna akaunyanyua mfuko juu kama kombe:
"Unaona, mama?"
Naona.
Naona na viatu vya babako mlangoni,
vina vumbi mpaka kwenye kamba,
viatu vilivyolala kabatini
tangu siku uliyopanda ndege.
Sikusema. Tunda limetoka mbali,
acha lichukue sifa zake.

Alhamisi tukamsindikiza uwanjani.
Mfuko umebaki robo.
Ijumaa nimetia tatu tatu kwenye tende,
nimevaa baibui,
nimetoa viatu, nimevipanga mlangoni.
"Twende."
"Wapi?"
"Huko huko mlikokuwa mkienda."
Kaviangalia viatu. Kaniangalia mimi.
Kisha katia tende mbili mfukoni,
upande ule wenye doa.