Ubao wa Siku

Ubao uko mlangoni, kushoto, kabla hujafika kwa karani,
rangi ya kijani, herufi nyeupe za mchoraji wa Barabara ya Ishirini:
SIKU BILA AJALI.
Chini yake mraba mtupu wa chaki.
Chaki ni kazi yangu.

Walinichagua kwa kunyoosha mikono, wakati wa chai,
mjumbe wa usalama na afya, chumba cha brashi,
kwa kuwa Mwanamisi, walisema, anajua kusoma na haogopi.
La kwanza ni kweli.
Nikapewa daftari, kalamu, filimbi,
na semina ya siku mbili mjini Tanga, soda na karanga,
ambako bwana mmoja mwenye miwani alitueleza
kwamba kila kidole kina bei yake.
Nilinakili jedwali lote.
Nilishangaa cha mwisho kilivyo rahisi.

Kila asubuhi nafuta, naandika.
Mia mbili na tatu. Mia mbili na nne.
Meneja akipita huutabasamia ubao, si mimi.
Ikifika mia tatu, kasema,
kila mtu kilo tano za mchele na fulana yenye nembo.

Tangu siku ile watu wakaanza kuumia kimya kimya.

Bi Mwantumu, kifua kimejaa vumbi la singa,
anakohoa ndani ya kanga, anaikunja, anaibana kwapani.
Nikifungua daftari ananikazia macho: "Mwanangu, mchele."
Kilua wa korona, maji ya mkonge yamemla ngozi hadi kiwikoni,
kajifunga tambara, kasema ni upele wa nyumbani.
Sikuandika.
Semeni mtakavyo. Na mimi nilitaka mchele.

Kifuniko cha mkanda kilitolewa Jumatatu.
Kinapunguza mwendo, alisema nyapara,
na meli inasubiri mabunda.
Kikaegemezwa ukutani, mtu akaanika shati juu yake.
Nilikiona. Filimbi ilikuwa shingoni.
Nilikiona siku tatu.

Alhamisi, mia mbili sitini na moja, saa nne kasoro,
Semngindo akapeleka mkono kunasua singa.
Sauti ile siisimulii.
Nasimulia kimya: mashine zilipozimwa
vumbi likaanza kututua mabegani, taratibu,
na kwa mara ya kwanza humo ndani
nikasikia kunguru wakitembea juu ya bati.
Hapo ndipo nilipopuliza filimbi.
Sijui nilikuwa namwita nani.

Vidole vitatu. Wakamkimbiza Bombo kwa pikapu ya mabunda.
Jioni karani akaniambia, bila kuinua uso:
"Yule ni kibarua, hayumo kwenye orodha. Ubao usiuguse."
Na nyapara, akifunga geti:
"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nilitembea nalo neno hilo hadi Pongwe.
Mbona Semngindo alisikia?
Aliambiwa nasua, akanasua.
Aliambiwa harakisha, akaharakisha.
Hapa kwetu anayesikia la mkuu
ndiye anayevunjika.

Ijumaa nilitangulia king'ora.
Nikakuta mia mbili sitini na mbili, mwandiko wa karani,
mbili zake zina mikia mirefu.
Nikafuta kwa pindo la kanga.
Nikaandika sifuri,
kubwa, ikagusa kingo zote za mraba.

Kisha daftari. Semngindo: saa, mkanda, kifuniko.
Mwantumu: kifua, tangu masika.
Kilua: ngozi, mikono yote miwili.
Mstari wa chini: Mwanamisi, aliona siku tatu.

Wakaingia mmoja mmoja, wakausoma ubao, wakapita.
Hakuna aliyetaja mchele.
Bi Mwantumu alisimama pale mlangoni
akakohoa, kwa nguvu, kanga ikiwa begani.

Brashi haikuwashwa mpaka saa tatu.
Mtu aliliondoa lile shati ukutani,
mwingine akaenda kuazima spana,
sisi wengine tukapiga magoti sakafuni
tukipekua singa kutafuta bolti nne za kifuniko.
Tatu zilipatikana.